Maskini Haokoti

Kila baada ya miaka michache jiji la Dar es Salaam hujitazama kwenye kioo, likawaona ombaomba wake, likaona haya. Hapo hutolewa amri. Mwaka 2016 aliyeitoa alikuwa Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda. Kabla yake, Yusuf Makamba alipokikalia kiti hicho hicho, naye aliwasomba ombaomba akawarejesha mikoani. Mwaka 1983 ilitungwa sheria nzima ya nguvu kazi, na katika kuitekeleza watu waliokutwa mjini bila ya kazi inayotambulika walipakiwa kwenye malori wakapelekwa mashambani. Nayo haikuwa ya kwanza, kwani tangu 1944 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuwaondoa mijini watu iliowaita wasiotakikana. Mkoloni aliondoka, Ujamaa ukaja ukapita, soko huria likaingia, lakini anachoambiwa maskini kimebaki kile kile: rudi kwenu.

Kauli hiyo ina kasoro moja. Wanaoitoa hawajapata kuthibitisha kwamba huko kwao bado kupo.

Visiwani husemwa kwa ulaini zaidi. Mpita njia akimwona ajuza ameketi na kopo lake pembeni ya soko siku ya Ijumaa hunong'ona, "Hao wa kutoka bara," akadondosha sarafu, akaenda zake, kana kwamba neno hilo limekwisha jibu kila swali. Bara ni pana. Ubaya wa neno hilo ni kuwa humsahaulisha msemaji kuuliza ni bara ya wapi, kijiji kipi, na kilipatwa na nini. Basi na itajwe sehemu moja: nchi ya Wasukuma na jirani zao, kutoka Shinyanga na Kahama hadi Geita. Haitajwi kwa kuwa ombaomba wengi zaidi hutoka huko. Dodoma ndiyo iliyobebeshwa sifa hiyo miaka mingi, kwa haki au kwa kuonewa. Inatajwa kwa kuwa huko ndiko liliko fumbo lenyewe. Chini ya ardhi ile kumetoka almasi na dhahabu kuliko pengine popote nchini, na juu yake wapo watu wanaoiacha nyumba na kaburi la baba wakaenda kunyoosha mkono mbele ya madirisha ya magari.

Wala Unguja haina haki ya kujifanya haijui nchi hiyo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilizoitajirisha Unguja ya masultani zilifika Bagamoyo mabegani mwa Wanyamwezi na Wasukuma, wapagazi waliotembea miezi kwa ujira wa vitambaa na shanga. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ina deni ambalo hakuna aliyewahi kulipiga hesabu.

Hoja ya kwanza ya kukatwa ni ile ya uvivu. Wapo wanaoamini kwamba kuomba ni tabia ya makabila fulani, hurithiwa kama upara. Watu hao na waulizwe: ni wavivu gani waliolima pamba ya Kanda ya Ziwa mpaka ikawa nguzo ya fedha za kigeni za Tanganyika? Ni wavivu gani waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vyao vya msingi na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakaviunganisha katika shirikisho la ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani? Shinyanga ilipewa jina la jangwa, na wengi hudhani ni laana ya maumbile. Lakini sehemu kubwa ya misitu ile ilikatwa kwa amri, tangu miaka ya 1920, katika kampeni ya kikoloni ya kufyeka vichaka ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikafuata, ikala iliyosalia. Kisha kuanzia mwaka 1986, mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kama HASHI ulipowataka wanavijiji waifufue desturi yao ya ngitili, yaani kulitenga eneo la malisho lisiguswe mpaka kiangazi, watu hao hao walirudisha uoto kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Mtu anayeweza kulingoja jani liote huku ng'ombe wake wamekonda hawezi kuitwa mvivu na mtu anayekunywa chai ofisini.

Mkulima wa Kishapu, basi, haamki siku moja akaamua kuwa ombaomba. Huteremka ngazi, tena polepole, na katika kila kipandio hujishikiza. Mvua ikikosekana huuza ng'ombe mmoja, kwa sababu ng'ombe ndiyo benki yake. Wengi wanapouza msimu mmoja, bei ya ng'ombe huanguka, na mtama hupanda siku hiyo hiyo. Benki imefilisika kabla mwenyewe hajafika dirishani. Msimu ujao hutegemea pamba. Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, bei yake imeamuliwa mbali mno na Kishapu. Mwaka 2019 serikali ilitangaza bei dira ya shilingi 1,200 kwa kilo. Soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima waliokwisha kupeleka pamba yao ghalani wakakaa miezi wakiidai fedha. Huyo si mtu aliyeshindwa kulima. Alilima, akavuna, akapima, akakopwa na watu wenye magari.

Kipandio kinachofuata zamani kilikuwa machimbo, na hapa ndipo panapohitaji maneno marefu, kwani ndipo ngazi ilipokatwa.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo haikuwa utajiri, ila kwa wachache. Ilikuwa bima ya maskini. Aliyekosa mavuno alibeba sururu akaenda kwenye rashi, akajiunga na wenzake katika duara, wakagawana mawe kwa viroba. Mwanamke asiye na mtaji aliponda mawe au aliosha mchanga mwaloni, akauza vitumbua, akarudi nyumbani na mbegu za msimu ujao. Haikuwa kazi salama wala safi. Lakini ilikuwa mahali ambapo mtu asiye na kitu angeweza kwenda bila barua ya utambulisho na bila kumwangukia mtu miguuni, na kwa mtu aliye kipandio kimoja juu ya kuomba, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye takwimu za pato la taifa.

Bulyanhulu, wilayani Kahama, ilikuwa mojawapo ya machimbo hayo, na maelfu kwa maelfu waliishi kwayo. Mwaka 1994 leseni ya eneo hilo ilipewa Kampuni ya Kahama Mining, mali ya Sutton Resources ya Kanada. Katika siku za mwanzo za Agosti 1996 wachimbaji waliamriwa kuondoka, polisi wakaingia, mashimo yakafukiwa. Tangu hapo kuna mabishano juu ya waliofukiwa. Mawakili wa chama cha LEAT, Tundu Lissu miongoni mwao, walidai kwamba zaidi ya watu 50 walizikwa hai katika maduara hayo. Serikali na kampuni zilikanusha. Ofisi ya msuluhishi ya Benki ya Dunia nayo mwaka 2002 haikuyakubali madai hayo. Mawakili wakaendelea kudai tume huru, wakafikia kushtakiwa kwa uchochezi. Tume huru haikuundwa. Lakini mabishano ya wafu yamefanya kazi moja ambayo pengine hakuna upande ulioikusudia: yamewafunika walio hai. Juu ya hao hakuna ubishi. Wote wanakubali kwamba umati wa watu uliokuwa ukila kwa jasho lake uliondolewa katika siku chache, na kwamba mgodi wa kisasa uliofunguliwa mwaka 2001, ukiwa mikononi mwa Barrick, haukuhitaji sururu zao. Umati huo ulikwenda wapi? Hakuna ofisi ya serikali iliyoagizwa kuwafuata na kalamu. Baadhi walikwenda kwenye machimbo mengine, ambako nako leseni iliwakuta. Baadhi walirudi shambani. Na baadhi waliingia mjini, ambako mwishowe wakahesabiwa kwa mara ya kwanza, kama kero.

Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliipanga hali hiyo kwa lugha safi. Madini yote ni mali ya taifa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikampa mwanakijiji haki juu ya udongo. Yaani mmoja amepewa juu na mwingine amepewa chini, na kila aliyewahi kuona nyumba ikibomolewa anajua kuwa mwenye chini ndiye mwenye nyumba. Fidia huhesabu miembe, mihogo, kibanda cha nyasi. Haihesabu dhahabu, kwani hiyo si yako. Haihesabu duara lako, kwani hilo ni uvamizi. Neno hilo, "mvamizi", linastahili kupimwa. Kijana aliyezaliwa pale, ambaye babu yake aliokota mawe yale yale, huitwa mvamizi, na aliyefika jana kwa ndege huitwa mwekezaji. Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba. Walidhani wanasema methali. Kumbe walikuwa wakiandika rasimu ya sheria.

Mwadui imeiandikia methali hiyo maelezo yake. Mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi huko mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, likapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, naye akaja kulivaa kifuani katikati ya pambo lenye umbo la ua. Anayesema Shinyanga ni mkoa wa kuomba na akumbuke kwamba ndio mkoa uliomtunza bibi harusi wa kifalme. Miaka 74 baadaye, mwaka 2021, kampuni ya Petra Diamonds, mmiliki mkubwa wa mgodi ule, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3, bila ya kukiri dhima, kumaliza madai yaliyofikishwa Uingereza na watu waliosema walipigwa, walipigwa risasi au waliwekwa kizuizini na walinzi ndani ya eneo la mgodi. Wengi wa watu wa aina hiyo huingia mle kwa jambo moja tu, kuokota. Na mwezi Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi likapasuka, likazimwaga taka zake kwenye mashamba na nyumba za jirani, kana kwamba wanakijiji walikuwa bado hawajapata fungu lao la almasi.

Geita hali haikuwa tofauti, ila mawe yake ni mengine. Mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000 na kwa sasa hutoa karibu wakia nusu milioni za dhahabu kwa mwaka. Mwaka 2007 kaya za Mtakuja ziliondolewa kwa nguvu za dola katika eneo la leseni, zikahifadhiwa katika jengo la mahakama lililoachwa, kisha zikaishi miaka katika mahema pembezoni mwa mji. Kampuni ilisema sheria iko upande wake, na pengine ni kweli. Hilo ndilo linalotisha. Wanaoishi jirani na mgodi wamelalamika kwa miaka mingi juu ya nyufa zilizopasua kuta zao kila baruti inapolipuliwa. Halafu kuna magwangala. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Geita wameyapa mawe ya mabaki, yale ambayo mgodi umeyachimba, ukayapima, ukayaona hayana faida, ukayatupa. Kwa miaka vijana waliyatamani, wakayaingilia usiku, wakakamatwa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza mgodi uwaachie wananchi magwangala, na watu wakashangilia. Shangwe ile haikuwa ya kuchekwa, ila inafaa kuangaliwa vizuri. Mji mzima ulikuwa ukishangilia kuruhusiwa kuchambua jalala la tajiri, ndani ya nchi yake, juu ya ardhi ya babu zake. Walipoyasaga wengi walikuta kile ambacho mgodi ulikwisha kukiona. Kama hiyo si sadaka, tena ile ya makombo, basi neno sadaka limekosa maana.

Sasa na ielezwe kinachompata mtu akikosa hata hayo. Uchimbaji unaobaki kwa maskini ni ule wa pembeni, mashimo marefu yenye matimba mabovu, zebaki inayochanganywa kwa viganja vitupu na kuchomwa jikoni, vumbi la mawe linaloingia mapafuni lisitoke. Mwaka 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wamekula mizizi na wadudu. Magazeti yaliwaita muujiza. Mashimo mengine hayakupata mwujiza wala mwandishi. Mwaka huo huo na kabla yake watoto walikuwa wakishuka mashimoni na kuosha zebaki, kama shirika la Human Rights Watch lilivyoonyesha mwaka 2013 baada ya kuzuru machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Aliyevunjika mgongo hana kiinua mgongo, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa wa mtu. Mjane wake hana hata karatasi ya kuthibitisha kwamba mumewe alikuwa chini ya ardhi siku ile. Mwenye kifua kikavu hupelekwa kwa mganga, ng'ombe wa mwisho akaenda huko.

Na pale umaskini unapokomaa, jamii yenyewe huanza kuwasukuma nje walio dhaifu. Hapa haifai kuwapaka watu wa Shinyanga mafuta. Vikongwe wameuawa kwa miongo mingi kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi dhidi yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu, mekundu kwa sababu ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua katika nchi isiyo na kuni. Tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa waliwindwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati katika uvuvi na machimbo. Watoto wao wakakusanywa katika kituo cha Buhangija, mbali na mama zao, ili wasalimike. Bibi aliyekimbia panga, mlemavu asiye na shamba, mama wa mtoto mwenye ualbino aliyeachwa na mumewe: hao ndio wanaoonekana barabarani, na mkuu wa mkoa anapowaambia warudi kwao huwa anawarudisha kwenye panga.

Wapo wanaoifanya hali hiyo biashara. Mwezi Juni 2022 kipindi cha BBC Africa Eye kilionyesha watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania, wazazi wao wakiwa wameahidiwa mema, wakaketishwa katika mitaa ya Nairobi kuomba kutwa nzima huku fedha zikichukuliwa na waliowaleta. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na wanaostahili kufungwa wafungwe. Lakini dalali wa viti vya magurudumu hajaubuni mwili unaoonewa huruma, ameukuta. Aliingia kijijini akapata mama aliyekuwa amekwisha kuuza kila kilichouzika. Wanaomlaani dalali peke yake wanafanana na anayelaani inzi na kukiacha kidonda.

Linabaki swali la bakuli kubwa zaidi, lile la serikali. Katika miaka ya 1990 nchi ilitembeza bakuli lake mbele ya wafadhili na wawekezaji kwa unyenyekevu ambao ombaomba wa Posta angeuonea haya. Sheria ya 1998 iliweka mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu. Halmashauri za wilaya zenye migodi mikubwa, Geita na Kahama, zililipwa kwa makubaliano dola 200,000 kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabu wilaya ya Geita watu zaidi ya 700,000. Anayejua kugawanya ataona kwamba kila mkazi alipata pungufu ya senti 30 za dola kwa mwaka mzima, yaani kiasi kile kile ambacho mtu mwenye moyo wa wastani hukidondosha kwenye kopo mara moja akivuka barabara.

Atasimama mtu aseme kuwa hayo ni ya kale. Ni kweli kwamba mengi yamebadilika, na asiyeyataja anadanganya. Baada ya Tume ya Jaji Mark Bomani, sheria ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha hadi asilimia 4, na mwaka 2017 ukafikia 6. Mwaka huo huo serikali ilizuia makinikia, ikaiandikia kampuni ya Acacia madai ya kodi ya dola bilioni 190. Yalimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 300 na kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo taifa lina hisa asilimia 16. Ombaomba yeyote angeielewa biashara hiyo, kwani naye hutaja nauli ya kufika Mwanza ili apewe ya kufika Ubungo. Yalianzishwa masoko ya madini, la kwanza huko Geita mwaka 2019, na mchimbaji mdogo mwenye leseni na mtaji sasa huuza kwa bei inayojulikana. Mgodi umejenga shule ya wasichana ya Nyankumbu. Mema haya yawekwe mizani.

Upande wa pili wa mizani liwekwe hili. Katika utafiti wa bajeti ya kaya wa mwaka 2011/12, mwongo mmoja tangu mgodi wake ufunguliwe, Geita ilikuwa miongoni mwa mikoa maskini kabisa ya Tanzania Bara: zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 hawakumudu mahitaji ya msingi, ilhali kitaifa walikuwa chini ya 3. Utafiti wa 2017/18 uliikuta Geita bado katika kundi la mkiani, pamoja na Simiyu, iliyomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Mrabaha, uwe 3 au 6, huenda Hazina. Hisa huenda Hazina. Hakuna kifungu kinachompa aliyeondolewa Bulyanhulu au Mtakuja mfereji wa moja kwa moja kutoka kwenye dhahabu iliyo chini ya kaburi la baba yake, na soko la madini halimsaidii asiye na leseni wala fedha za kukodi karasha. Nchi imejifunza kuomba zaidi kwa wenye migodi. Haijajifunza kumrudishia aliyenyang'anywa.

Yanayodaiwa hapa si makubwa. Anayeondolewa kwenye eneo la leseni alipwe kama mbia wa kilicho chini, asilipwe kama mwenye migomba. Maeneo ya wachimbaji wadogo yatengwe pale palipo na dhahabu iliyothibitishwa, wasipewe vilima ambavyo wataalamu wa kampuni walikwisha vitoboa wakaviacha. Pamba ikipokewa ghalani iwe imekwisha lipwa. Na kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachomhesabu mwombaji kuwa mzururaji wa kuadhibiwa kifutwe, kwani hakuna haki katika sheria inayomruhusu mtu kupoteza kila kitu na kumkataza kusema kwamba amepoteza.

Mpaka hapo malori yataendelea kwenda na kurudi. Likifika Shinyanga, lori humshusha bibi stendi, na karani akaweka alama kwenye orodha kuwa amerejeshwa kwao. Amri huishia hapo. Kutoka stendi hadi kijijini kwake Kishapu ni mwendo wa gari, gari linataka nauli, naye nauli hiyo hana pa kuitoa isipokuwa kwa kuiomba.